Deraya ya sinema, gololi za kweli

Katika filamu ya kwanza ya Star Wars, iliyotoka mwaka 1977, kikosi cha askari wenye deraya nyeupe kinaingia kwenye chumba cha mitambo, na mmoja wao anagonga kichwa mlangoni mbele ya kamera. Tukio lile halikukatwa, na mashabiki wamelicheka kwa zaidi ya miaka 40. Mwigizaji yule hakuwa mzembe. Alikuwa anachungulia kupitia vipande viwili vya plastiki yenye giza, kichwa kikiwa ndani ya ganda ambalo halikutengenezwa ili mtu aone, apumue au akimbie. Lilitengenezwa ili lionekane. Leo hii, Uingereza, Marekani, Japani na kwingineko, wapo watu wanaovaa nakala za ganda lilelile na kuingia nalo msituni au kwenye ghala kuukuu, mahali ambapo makumi ya wachezaji wanafyatuliana gololi za plastiki zinazokwenda mita 100 kwa sekunde.

Mchezo huo unaitwa easofti. Ulizaliwa Japani, nchi ambayo sheria zake za silaha zinambana sana raia anayetaka bunduki ya kweli, na viwanda vya vifaa vya kuchezea vikaona hapo soko la bunduki bandia. Mwaka 1991 kampuni ya Tokyo Marui ilitoa bunduki bandia ya umeme iliyoiga FAMAS ya Kifaransa, na mchezo ukapata kifaa chake kikuu: betri, mota ndogo, springi, na pistoni inayosukuma hewa. Gololi yake ina kipenyo cha milimita 6 hivi, na ile ya kawaida ina uzito wa gramu 0.20. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam huenda anaijua zaidi peintiboli, lakini michezo hii miwili inatofautiana kwa jambo moja kubwa. Gololi ya easofti haina rangi ndani yake, kwa hiyo haimwachi mtu na doa nguoni. Aliyepigwa anatakiwa aseme mwenyewe kwamba amepigwa, kisha atoke. Mchezo mzima umesimama juu ya uaminifu huo.

Wanaotaka kuchanganya mambo haya mawili, deraya ya sinema na uwanja wa gololi, huanza karibu wote na swali moja: niongeze nini ili ihimili? Unene wa povu, tabaka la rezini, lenzi nzito zaidi. Swali hilo limekaa vibaya. Deraya ya mapambo haigeuki kuwa kinga kwa kuongezewa unene. Kinga huvaliwa kwanza, ile iliyotengenezwa na kupimwa kwa kazi hiyo, kisha deraya ikajengwa juu yake. Kuna wanaolipinga hili, na baadhi yao wana hoja nzito.

Vazi la kamera

Kundi maarufu zaidi la wavaaji wa deraya hizi, 501st Legion, lilianzishwa Marekani mwaka 1997 na Albin Johnson, na sasa lina matawi katika nchi nyingi. Wanachama wake huonekana kwenye shughuli za hisani na maonyesho. Ili mtu apokelewe, deraya yake hukaguliwa kipande kwa kipande: umbo la helmeti, mpangilio wa mikanda, rangi, hata namna mabamba yanavyokutana mabegani. Kipimo ni kufanana na kilichoonekana kwenye filamu. Hilo ni sawa kabisa kwa kazi wanayoifanya, na ufundi wao ni wa hali ya juu. Tatizo huanza pale maarifa yao yanapohamishiwa uwanjani bila kubadilishwa, kana kwamba anayejua kufinyanga helmeti inayofanana na ya asili anajua pia itakavyokuwa ikipigwa.

Hata mahakama imewahi kuulizwa helmeti ile ni kitu gani hasa. Tarehe 27 Julai 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Lucasfilm dhidi ya Andrew Ainsworth, fundi aliyezitengeneza helmeti za awali kwa plastiki, iliamua kwamba helmeti haikuwa sanamu kwa maana ya sheria ya hakimiliki, bali kifaa kilichotumika katika kazi ya kutengeneza filamu. Majaji walikuwa wanajibu swali la hakimiliki, wala hawakuwa na habari na gololi za mtu yeyote. Lakini maelezo yao yanafaa kunakiliwa ukutani kwenye kila karakana: kazi ya kitu hiki ilikuwa filamu. Bunduki ya askari wale ilikuwa na asili ya kivita kuliko deraya yao, maana ilijengwa juu ya Sterling, bunduki halisi ya jeshi la Uingereza.

Siku hizi deraya haihitaji kiwanda. Povu la EVA, lile la mikeka ya watoto ya kuunganisha na soli za sandali, linakatwa kwa kisu, linapashwa kwa hewa ya moto, linakunjwa na kubandikwa kwa gundi ya viatu. Printa ya 3D inachapa helmeti kwa siku kadhaa. Vijana wanaojitokeza na mavazi ya wahusika kwenye tamasha la NAICCON jijini Nairobi wanaijua kazi hii vizuri kama wenzao wa London. Kwa hiyo suala si la watu wachache wenye pesa. Mtu yeyote mwenye kisu kikali na subira anaweza kujitengenezea deraya, na ndiyo maana inafaa aambiwe mapema deraya yake haiwezi nini.

Jouli moja inafanya nini

Gololi ya gramu 0.20 inayokwenda mita 100 kwa sekunde inabeba nishati ya jouli 1. Sheria za nchi mbalimbali zinazunguka hapohapo. Japani, kwa marekebisho ya mwaka 2006, kikomo cha gololi ya milimita 6 ni takriban jouli 0.98. Uingereza, kwa Sheria ya Polisi na Uhalifu ya mwaka 2017, kikomo ni jouli 1.3 kwa bunduki inayofyatua mfululizo na jouli 2.5 kwa inayofyatua moja moja. Jouli moja ikitua kifuani juu ya shati zito, mchezaji anahisi kama amechapwa, anabaki na alama nyekundu, basi. Ndiyo maana maelfu ya watu hucheza kila wikendi wakiwa na nguo za kawaida za kazi, bila bamba lolote mwilini.

Jouli ileile ikitua kwenye jicho ni habari nyingine. Madaktari wa macho wameandika mara nyingi kuhusu wagonjwa wa aina hii: konea iliyochubuka, damu iliyovuja ndani ya jicho, mtoto wa jicho unaotokana na pigo, na presha ya jicho inayoweza kupanda hata baada ya jeraha la awali kupona. Meno nayo huvunjika, hasa ya mbele. Kwa hiyo, ukiiangalia ramani ya mwili kwa jicho la hatari, deraya ya sinema imewekwa mahali kinyume. Imefunika kwa mabamba mazito kifua, mapaja na mabega, ambavyo havikuhitaji, na kwenye macho ikaweka kipande chembamba cha plastiki kilichochaguliwa kwa sababu ya rangi yake.

> Deraya ya sinema imefunika kwa mabamba mazito mahali pasipohitaji, na kwenye macho ikaweka plastiki iliyochaguliwa kwa rangi.

Vipimo vya miwani ya kinga vipo, navyo havina fumbo. Kiwango cha Marekani, ANSI Z87.1, kinataka miwani ya kawaida yenye alama ya Z87+ ihimili mpira wa chuma wa robo inchi unaokuja kwa mita 46 hivi kwa sekunde. Miwani inayoziba macho pande zote, mita 76. Ngao ya uso, mita 91. Kiwango cha Ulaya, EN 166, ambacho alama zake ziko kwenye miwani mingi, kinatumia herufi: F kwa mita 45, B kwa mita 120, A kwa mita 190, na mpira wa chuma usiopungua gramu 0.86. Ukipiga hesabu, herufi F inafikia jouli 0.87 tu, wakati B inafika karibu jouli 6.2. Mpira wa chuma ni mgumu kuliko gololi ya plastiki, hivyo namba hizi hazilingani moja kwa moja. Hata hivyo, miwani yenye F imepimwa kwa nishati iliyo chini ya ile ambayo sheria ya Uingereza inairuhusu uwanjani, na mnunuzi mwenye akili hachezi na pengo la namna hiyo. Atafute B, na iwe ya kuziba pande zote, kwa sababu gololi hugonga ukuta na kurudi kwa pembe ambayo hakuna aliyeipanga. Na asidhani miwani hiyo itamfaa pia kwenye peintiboli. Tufe la rangi la gramu 3 linabeba zaidi ya jouli 10, na mchezo huo una barakoa zake.

Alama iliyokatwa kwa mkasi

Hapa ndipo mabishano yenyewe yalipo. Wajenzi wengi wa helmeti wanajua habari za viwango, na suluhisho lao ni hili. Fundi ananunua ngao ya uso ya mchomeleaji, ya kijani kizito namba 5, yenye alama ya Z87+ iliyopigwa pembeni. Anachora macho mawili kwa kalamu, anakata kwa mkasi wa bati, anatoboa matundu manne, anafunga kwa skrubu ndani ya helmeti. Kona yenye alama anaiacha kwa makusudi ibaki kwenye kipande cha kushoto, ili akiulizwa aioneshe. Rangi inafanana na ya filamu, plastiki ni polikaboneti halisi, na alama ipo. Nini tena kimepungua?

Kimepungua kitu kizima. Kiwango hakikuipima plastiki peke yake. Kilipima ngao ile ikiwa na umbo lake, fremu yake na mkanda wake, imefungwa kwenye kichwa cha majaribio. Kipande kilichokatwa kimeacha hivyo vyote dukani. Sasa kimeshikwa na skrubu nne kwenye ukuta wa plastiki ya ABS au rezini ambao haukuwahi kupimwa na mtu yeyote, na gololi haihitaji kuvunja lenzi ili imwumize mvaaji. Inatosha lenzi ing'oke na kurudi nyuma. Polikaboneti yenyewe ni ngumu kuvunjika ikiwa nzima, lakini ina maadui watatu wanaojulikana: kingo zenye mikwaruzo, mkazo wa skrubu iliyokazwa mno, na kemikali. Asetoni, thina, baadhi ya rangi za kupuliza na gundi za kuzuia nati zisilegee huiletea nyufa nyembamba ambazo hutaziona mpaka uielekeze kwenye mwanga. Vyote vitatu vipo kwenye meza ya kila mjenzi wa helmeti. Isitoshe, kijani namba 5 kilikusudiwa mtu anayetazama mwali wa kukatia chuma. Ndani ya ghala lenye taa mbili, mvaaji wake anacheza kama amefumba macho.

Jibu linalosikika zaidi ni kwamba lenzi hiyo imejaribiwa: imefungwa kwenye mti, ikapigwa kwa karibu gololi mia, haikutoboka. Jaribio hilo lina thamani yake. Linaweza kuikataa lenzi mbovu, na anayelifanya amemzidi asiyefanya lolote. Lakini haliwezi kuikubali lenzi nzuri. Lilifanywa kwa kipande kimoja kikiwa kipya, siku moja, katika joto moja, kikipigwa katikati, na hakikuwa na jasho, dawa ya kuzuia ukungu wala msimu mmoja wa kubebwa kwenye buti la gari. Kibaya zaidi, kipande kilichopigwa mara mia na kuhimili huenda ndicho sasa kimeshachoka, na ndicho mara nyingi kinachofungwa kwenye helmeti kwa fahari.

> Swali la kuiuliza helmeti yoyote: ikinaswa na tawi na kutoka kichwani, uso unabaki na nini?

Swali hilo ndilo linaloimaliza hoja, na lina jibu moja tu la kuridhisha. Ndani ya helmeti kuwe na miwani ya kuziba macho, nzima, yenye alama yake, iliyofungwa kichwani kwa mkanda wake yenyewe, ambayo haitegemei helmeti kwa chochote. Lenzi ya helmeti ibaki pambo. Hapo inaweza kuwa ya rangi yoyote, hata wavu mweusi uliopakwa, kwa sababu hakuna jicho linaloitegemea. Chini ya miwani, mdomo ulindwe kwa barakoa ya nusu uso au kinga ya meno ya wanamasumbwi. Wanaopenda kufanana na filamu watasema miwani haitaingia, na kwa helmeti iliyofinyangwa kubana kichwa kama ya mwigizaji wanasema kweli. Basi helmeti ichapwe au ifinyangwe kubwa kidogo, nafasi ya vidole viwili mbele ya macho. Mtu aliye umbali wa mita 20 hataiona tofauti hiyo. Anayeipima kwa rula ataiona, lakini huyo hachezi easofti.

Ukungu, na hoja ya wavu

Pingamizi zito kuliko yote haliko kwenye sura wala bei. Ni ukungu. Miwani inayoziba pande zote, ndani ya helmeti isiyopitisha hewa, usoni pa mtu anayekimbia, hujaa mvuke kwa dakika chache. Mchezaji asiyeona hufanya jambo ambalo kila msimamizi wa uwanja analiogopa: anaingiza kidole kuinua miwani, katikati ya mchezo. Kwa hiyo wanaotetea miwani ya wavu wa chuma wanasema kinga yenye matundu inayobaki usoni inaishinda kinga kamili inayovuliwa. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Wavu haupati ukungu kabisa, ni rahisi, na wengi wameutumia kwa miaka bila tatizo.

Lakini wavu una kasoro ambayo haina dawa. Gololi hafifu hupasuka inapogonga chuma, na chembe zake ni ndogo kuliko matundu. Wavu mwembamba wa bei poa pia huweza kubonyea kuelekea kwenye jicho. Unafaa kwa mdomo na mashavu, haufai kwa macho. Ukungu, kwa upande wake, una dawa zaidi ya moja: miwani yenye lenzi mbili na hewa katikati, ambayo hupunguza sana tofauti ya joto, feni ndogo ya volti 5 iliyofungwa kwenye paji la helmeti, ikivuta hewa ya moto kuitoa nje, na matundu yaliyofichwa chini ya kidevu na nyuma ya masikio, mahali ambapo sanamu ya helmeti ina vivuli vyake. Feni inahitaji betri, na betri ya lithiamu isikae kiunoni mahali ambapo mvaaji ataiangukia. Hii ni kazi ya mikono ya wikendi moja au mbili. Anayekubali kupiga msasa helmeti kwa wiki tatu hana sababu ya kuiona kuwa kubwa.

Kinachoumiza ni vazi lenyewe

Kutoka shingoni kwenda chini, gololi si tatizo. Bamba la ABS la milimita 2 linazirudisha. Povu la EVA la milimita 10 linazipokea na kubaki na vishimo, ambavyo vingi hupungua likipashwa tena hewa ya moto. Kinachoivunja deraya ni mvaaji: kupiga magoti kwenye kokoto, kulala kifudifudi, kujibanza kwenye kona ya ukuta, kuruka gogo. Na deraya ikivunjika, vipande vyake viko upande wa ndani, karibu na ngozi. Kwa hiyo swali la kudumu na swali la usalama yanakutana hapa: nyenzo nzuri ni ile inayopinda kabla ya kuvunjika, na ikivunjika haitoi ncha.

Kwa kipimo hicho EVA inaongoza, na inastahili. Ni nyepesi, inapinda, kingo zake hazikati. Udhaifu wake ni viungo, kwa sababu gundi ya viatu hulegea kwenye joto la gari lililofungwa juani. Viungo vikubwa vishonwe au viwekewe utepe wa kitambaa kwa ndani. Helmeti na mabamba yaliyochapwa kwa PLA, plastiki ambayo wengi wanaanza nayo kwa kuwa ni rahisi kuchapika, huanza kulainika karibu nyuzi joto 60, na likianguka kwenye zege bamba hupasuka kwa kufuata tabaka zake na kuacha ukingo mkali. PETG ni afadhali. TPU, inayonyumbuka, ni afadhali zaidi kwa viungo vya kiwiko na goti. Faibaglasi ni imara kweli, lakini ikivunjika hutoa miba, na vumbi lake wakati wa kupiga msasa si la kuvutwa bila barakoa ya kuchuja.

ABS ndiyo yenye tabia ya kuvutia zaidi. Ufa wake huanzia kwenye kona kali au tundu la skrubu, kisha hutembea. Mafundi huusimamisha kwa kutoboa tundu dogo pale ufa ulipoishia, halafu wanaziba kwa ndani kwa kitambaa na uji wa mabaki ya ABS yaliyoyeyushwa kwenye asetoni. Uji huo unashikana na bamba na kuwa kitu kimoja. Ni matengenezo mazuri, ya bei ndogo. Ila asetoni inayoiponya ABS ndiyo ileile inayoiua polikaboneti, kwa hiyo yeyote anayetengeneza kifua aiweke miwani chumba kingine.

Vipande visifungwe mwilini kwa ukali. Vikining'inia kwenye fulana ya ndani kwa elastiki na velkro, pigo linavisogeza badala ya kuvivunja. Ukingo wa juu wa bamba la kifua ukunjwe nje na uwekewe mpira, kwa kuwa mtu akianguka mbele ukingo huo ndio unaokutana na koo. Magoti yapewe pedi za mafundi wa vigae chini ya pambo. Ni kanuni ileile ya macho, kinga kwanza na sura juu yake. Na helmeti iweze kuvuliwa na mtu mwingine, kwa sekunde chache, bila bisibisi. Joto ndilo hatari ya kimyakimya kuliko zote: jasho lisilokauka halipozi mwili, na mtu aliyefungwa ndani ya povu kutoka kichwani hadi miguuni, siku ya jua, anaweza kuzidiwa kabla hajajitambua. Maji na kupumzika kivulini helmeti ikiwa imevuliwa si suala la ujasiri. Ningeona aibu kuliandika hili kama si kwamba watu huona aibu kulifanya.

Asiyehisi hafi

Liko pingamizi linalotoka upande wa pili, kwa wachezaji wasiovaa deraya kabisa, na mara nyingi linasemwa kwa hasira. Wanasema mwenye povu la milimita 10 hasikii anapopigwa, na asiyesikia haombi kutoka. Anabaki uwanjani akiwa "hai" wakati wenzake wameshamtoa mara tano. Katika mchezo usio na rangi ya kuthibitisha, hili linagusa moyo wa mchezo, na wenye deraya wasilijibu kwa kusema wao ni waaminifu. Uaminifu hauongezi hisia za ngozi.

Sehemu ya jibu iko kwenye ujenzi. Bamba jembamba na gumu hupiga kelele linapogongwa, na mvaaji anasikia hata asipohisi. Povu nene lililofunikwa mpira humeza sauti na pigo pamoja. Kwa hiyo, kwa ajili ya haki ya wengine, povu lipunguzwe unene mgongoni na kwenye mapaja, au liwekewe juu yake karatasi ya plastiki ngumu. Nyuma ya mikono na nyuma ya miguu paachwe na kitambaa tu. Hii inakwenda kinyume na silika ya mjenzi, anayedhani kila milimita anayoongeza ni ubora. Sehemu nyingine ya jibu ni ya waandaaji. Ipo michezo ambayo mtu mmoja hupewa nafasi ya jitu lenye deraya, asiyetoka mpaka apigwe idadi fulani au apigwe sehemu maalumu, na kila mmoja anajua hivyo kabla ya filimbi. Hapo deraya inakuwa sehemu ya mchezo badala ya kuwa mwanya. Bila tangazo la namna hiyo, mwenye deraya isiyohisi ana faida ambayo hakuilipia, hata kama moyo wake ni safi.

Kwenye meza ya kupimia bunduki

Nani asimamie haya? Wajenzi watasema kila mtu ajibebee dhamana ya mwili wake. Lingekuwa jibu la kutosha kama mtu mzima aliyepofuka angekuwa hasara ya mtu mmoja. Lakini aliyefyatua naye atalibeba tukio hilo, uwanja unaweza kufungwa, na mchezo ambao bunduki zake zinafanana na za kweli hauna marafiki wengi miongoni mwa watunga sheria. Uingereza ililionja hilo kwa Sheria ya Kupunguza Uhalifu wa Kutumia Nguvu ya mwaka 2006, iliyobana uuzaji wa bunduki bandia zinazofanana sana na halisi, na wachezaji wakalazimika kujieleza kwa nini wanazihitaji.

Viwanja tayari vina mahali pa kuanzia. Kabla ya mchezo, kila bunduki hupitishwa kwenye kipima kasi, na inayozidi kikomo hairuhusiwi kuingia. Hakuna anayebishana na mashine ile, wala anayesema bunduki yake aliipima nyumbani ikawa sawa. Kwenye meza hiyohiyo, mwenye helmeti ya mapambo aambiwe aivue na aoneshe alichovaa ndani. Miwani nzima yenye alama na mkanda wake, apite. Lenzi zilizokatwa na kufungwa kwa skrubu, akapumzike pembeni au aazime miwani ya uwanja. Wasimamizi wanalalamika kwamba foleni ya asubuhi ni ndefu tayari. Ukaguzi huu unachukua muda usiozidi wa kufyatua gololi tano kwenye kipima kasi, na wenye helmeti za namna hii kwa kawaida ni wachache kwenye foleni hiyo.